Maswali ya Wasomaji: Joto la Dawa Unaposafisha Filamu Nyumbani

Katika toleo hili tumetenga ukurasa wa maswali kwa jambo moja tu, nalo ni joto la dawa wakati wa kusafisha filamu nyeusi na nyeupe nyumbani, yaani kuitia filamu dawa ili picha itokee. Barua zilizotufikia zimetoka pwani kwenye joto na nyanda za juu kwenye baridi, na tumezichapa kwa kuzifupisha. Vipimo vyote vya joto vilivyotajwa hapa ni vya Selsiasi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninasafisha filamu za Ilford HP5 Plus jikoni kwangu Kinondoni, Dar es Salaam, kwa divelopa (dawa inayoitoa picha) ya ID-11. Maelekezo yanasema dawa iwe nyuzi 20, lakini wakati wa kiangazi maji ya bomba hapa ni nyuzi 29 na jikoni ni nyuzi 31. Huwa ninatia vipande vya barafu ndani ya divelopa mpaka ifike 20, ninasafisha, na nikipima mwishoni ninakuta imeshapanda hadi 23 au 24. Negativu zangu hutoka nzito, yaani nyeusi mno, na hakuna mbili zinazolingana. Je, ninunue kiyoyozi?

*Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu msomaji, kiyoyozi si cha lazima hata kidogo. Negativu zako ni nzito kwa sababu umepima muda wa nyuzi 20, ilhali sehemu kubwa ya kazi imefanyika kwenye nyuzi 22 na zaidi. Nazo hazilingani kwa sababu kupanda kwa joto kunategemea siku, saa, na hata mikono yako imelishika tangi la kusafishia filamu kwa muda gani. Pendekezo langu ni kwamba uiache namba 20 kwa miezi yote ya joto, uchague nyuzi 24 au 26, na uilinde namba hiyo tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho.

Nyuzi 20 ni joto la rejea ambalo viwanda hulitumia kupangia muda wa filamu na dawa zao. Divelopa hufanya kazi ileile kwenye nyuzi 24, ila kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inajulikana vizuri kiasi cha kuweza kukokotolewa. Ilford wenyewe hutoa mfano ufuatao katika karatasi za maelezo ya filamu zao: ikiwa muda uliopendekezwa kwa nyuzi 20 ni dakika 4, basi kwa nyuzi 23 utakuwa dakika 3, na kwa nyuzi 16 utakuwa dakika 6. Ukiutazama mfano huo kwa makini utaona kwamba kila joto linapopanda kwa uzi mmoja, muda hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi ya ule uliokuwapo. HP5 Plus katika ID-11 iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji huhitaji dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 itahitaji dakika 9 hivi, kwa nyuzi 26 dakika 7 na robo, na kwa nyuzi 28 dakika 6.

Sababu ya kukushauri hivyo ni hii: kasi ya dawa kupata joto kutoka chumbani hutegemea tofauti iliyopo kati ya dawa na chumba. Jikoni kwako kukiwa na nyuzi 31, dawa ya nyuzi 20 inabeba pengo la nyuzi 11, na kila dakika inavutwa juu kwa nguvu kubwa. Dawa ya nyuzi 24 ina pengo la nyuzi 7, na ya nyuzi 26 ina pengo la nyuzi 5 tu, yaani chini ya nusu ya lile la mwanzo. Ukiongeza kwamba muda wa kazi nao umefupika, dawa inakuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupotoka. Kwa hiyo kupanda kwako hadi nyuzi 24 kunakupunguzia kazi pande zote mbili.

Hata hivyo, kuna mpaka ambao haifai kuuvuka. Kodak wametahadharisha kwa miaka mingi kwamba muda wa kusafisha ukiwa chini ya dakika 5, negativu inaweza kutoka na mawaa ya mahali kuiva zaidi na mahali kuiva kidogo. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa kumimina dawa ndani ya tangi na kuitoa huchukua sekunde nyingi, na sehemu ya filamu iliyoguswa kwanza hupata muda mrefu kuliko iliyoguswa mwisho. Kosa la sekunde 15 katika dakika 9 halifiki asilimia 3, lakini katika dakika 3 na nusu linafika asilimia 7. ID-11 isiyozimuliwa huhitaji dakika 7 na nusu kwa HP5 Plus kwenye nyuzi 20, na kwenye nyuzi 28 ingehitaji dakika 3 na nusu tu, muda ambao sikushauri kuujaribu. Hapa ndipo kuzimua dawa kunapokuwa rafiki mkubwa wa mtu wa pwani. Sehemu moja ya ID-11 kwa sehemu tatu za maji huhitaji dakika 20 kwa nyuzi 20, na kwa hiyo hata siku ile mbaya ya Februari ambapo unashindwa kushuka chini ya nyuzi 28, bado utakuwa na zaidi ya dakika 9 za kufanya kazi kwa utulivu. Dawa iliyozimuliwa hutumika mara moja na kumwagwa, na gharama hiyo inastahili.

Sasa tuje kwenye kupooza. Acha kutia barafu ndani ya divelopa, kwa sababu barafu ikiyeyuka inaizimua dawa kwa kiasi usichokijua. Tumia maji ya jokofu wakati wa kuzimua, na ukokotoe mapema. Maji yako ya bomba yana nyuzi 29, na tuseme yale ya jokofu yana nyuzi 5: lita moja ya nyuzi 24 itapatikana kwa kuchanganya takriban mililita 790 za bomba na 210 za jokofu. Ukitaka nyuzi 20 ungehitaji mililita 375 za jokofu kwa kila lita, na hapo utaona tena ni kiasi gani cha baridi unachokiokoa kwa kuchagua joto la juu. Ikiwa dawa yako isiyozimuliwa ina joto la chumba, ihesabu upande wa maji ya moto.

Barafu kazi yake ni kwenye beseni. Chukua beseni la lita 10 au zaidi, lijaze maji, na ndani yake usimamishe tangi la filamu likiwa limefungwa, pamoja na vyombo vya divelopa, dawa ya kusimamishia (inayoikatiza kazi ya divelopa) na fiksa (inayoifanya picha isiharibiwe na mwanga), ili vyote vifikie joto moja kabla hujaanza. Gandisha maji katika chupa za plastiki za nusu lita na uzitumbukize kwenye beseni zikiwa zimefungwa, kisha uzitoe joto likifika unapotaka. Ni vizuri kujua nguvu ya chupa hizo: nusu lita ya barafu, ikiyeyuka yote, hushusha lita 10 za maji kwa takriban nyuzi 5, kwa sababu barafu hunywa joto jingi sana inapoyeyuka kabla hata maji yake hayajaanza kupanda. Chupa moja inatosha kwa beseni lako, na ya pili ni ya akiba. Beseni kubwa ni bora kuliko dogo, kwa kuwa maji mengi hubadilika polepole. Mwenye deli la kuhifadhia barafu alitumie hilo badala ya beseni, kwani kuta zake zitamsaidia zaidi.

Mambo mengine ni madogo lakini yana faida. Tangi la maji lililo juu ya paa huwa na moto mkali alasiri na hupoa usiku, basi kinga maji yako alfajiri na uyaweke ndani. Nyumba nyingi za pwani zingali na mtungi wa udongo, na maji yake huwa chini ya joto la chumba kwa sababu yanavuja kidogo kidogo na kukauka juu ya ukuta wake. Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam hupunguza faida hiyo, lakini mtu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, atashangaa jinsi mtungi unavyoweza kumfikisha karibu na joto analolitaka bila jokofu. Unapolipindua tangi kila dakika, lishike kwa juu na kwa chini kwa vidole, wala usilikumbatie kwa viganja, kisha ulirudishe kwenye beseni mara moja. Tangi la chuma hupokea joto la mkono haraka kuliko la plastiki, na kwa upande mwingine hupozwa na beseni haraka vilevile.

Mwisho, pima divelopa inapoingia na inapotoka, na uandike namba zote mbili. Ikiwa iliingia na nyuzi 24 na ikatoka na 25, ihesabu kuwa ilikuwa 24 na nusu, na safari ijayo upunguze muda kwa asilimia 5 ikiwa unajua itapanda vilevile. Mwandishi mzuri wa daftari la namna hii atapata negativu zinazolingana mwaka mzima.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe, na tuna kikundi cha wanafunzi wanaopenda picha. Mwezi wa saba chumba chetu hushuka hadi nyuzi 13. Tuliona katika chati kwamba baridi inafidiwa kwa kuongeza muda, kwa hiyo tuliiacha divelopa yetu ya D-76 kwenye nyuzi 13 na tukazidisha muda mara mbili. Picha zilitoka, lakini negativu zimepauka na hazina uhai. Tulikosea hesabu?

*Mwalimu, Njombe*

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kuwafundisha vijana kazi hii. Hesabu yenu haikuwa mbaya. Kanuni yenyewe ndiyo inayoacha kufanya kazi mkishuka mno. D-76, kama ilivyo ID-11, ina viungo viwili vinavyosafisha filamu, navyo ni metoli na haidrokwinoni. Viungo hivi hufanya kazi kwa kusaidiana, na matokeo yao kwa pamoja ni makubwa kuliko jumla ya kile ambacho kila kimoja kingefanya peke yake. Metoli huvumilia baridi, lakini haidrokwinoni hudhoofika sana inapofika karibu na nyuzi 13, na hapo unabaki na metoli inayofanya kazi karibu peke yake. Metoli hutoa picha laini, zenye kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) ndogo. Hata mngeongeza muda mara tatu, msingeupata msaada wa kiungo kilicholala. Ndiyo maana ninashauri nyuzi 18 ziwe sakafu yenu, na nyuzi 20 ndizo zinazofaa zaidi kwa mazingira yenu, kwa sababu maji ya moto ni rahisi kuyapata kuliko maji ya baridi.

Kwa lita moja ya nyuzi 20 kutoka katika maji ya bomba ya nyuzi 13, mnahitaji mililita 105 hivi za maji ya nyuzi 80 na zilizobaki ziwe za bomba. Mimineni maji ya moto kwenye ya baridi kidogo kidogo huku mkikoroga na kupima, na wanafunzi wasisogelee birika bila uangalizi wako.

Kosa linalofuata katika maeneo ya baridi ni kuandaa divelopa ya nyuzi 20 na kuimimina ndani ya tangi lenye nyuzi 13. Tangi, rili (kigurudumu kinachozungushiwa filamu) na filamu yenyewe vitakunywa joto, na mtajikuta kwenye nyuzi 18 katika dakika ya kwanza. Wapo wanaolitatua hilo kwa kujaza maji ya vuguvugu ndani ya tangi kabla ya divelopa, lakini Ilford hawapendekezi kuilowesha filamu kwanza, kwa kuwa kunaweza kuleta usafishaji usio sawa. Njia salama ni kulikalisha tangi, likiwa limefungwa na likiwa na filamu kavu ndani yake, katika beseni la maji ya nyuzi 21 au 22 kwa robo saa hivi. Wekeni chupa ya chai yenye maji ya moto pembeni, na muongeze kidogo kwenye beseni kila linaposhuka. Ikiwa shule inaweza kupata hita ndogo inayotumika kwenye vioo vya samaki wa mapambo, ya aina inayorekebishika, itawatunzia beseni bila usumbufu. Ichomoeni kwenye umeme kabla ya mtu yeyote kutia mkono majini.

Msiisahau fiksa. Watu huilinda divelopa kwa bidii na kuiacha fiksa kwenye sakafu ya saruji. Fiksa ya nyuzi 13 hufanya kazi polepole sana, na filamu inaweza kubaki na utando wa maziwa ambao wanafunzi watadhani ni kosa la kamera. Utando huo ukionekana, irudisheni filamu kwenye fiksa yenye vuguvugu, nao utaondoka.

SWALI: Mhariri, hujambo? Nina vipimajoto viwili, kimoja cha kioo na kimoja cha kidijitali cha jikoni, navyo vinapishana kwa nyuzi 2. Nilivitia vyote kwenye maji yanayochemka ili nijue kipi ni kweli, na kimoja kikasoma 94 na kingine 96. Ina maana vyote ni vibovu?

*Msomaji wa Nairobi*

JIBU: Sijambo. Kile kinachosoma 94 huenda ndicho kizima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu na nyuzi 94. Ni Mombasa na Dar es Salaam ambako yangefika 100. Hata hivyo, kipimo cha maji yanayochemka kiko mbali mno na eneo unalolitumia. Ponda barafu, ijaze kwenye bilauri, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga kwa dakika chache, na kipimajoto chako kinapaswa kusoma sifuri. Kisha andaa maji ya nyuzi 37 hivi na uvilinganishe vyote na kipimajoto cha homa cha kidijitali, ambacho hutengenezwa kwa usahihi mkubwa katika eneo hilo dogo. Kikiwa sawa kwenye sifuri na sawa kwenye 37, kitakuwa sawa kwenye 20.

Tofauti ya nyuzi 2 si ndogo, kwa sababu inalingana na karibu moja ya tano ya muda wa kusafisha. Lakini kipimajoto kinachokosea kwa kiasi kilekile siku zote bado kinakufaa, mradi uwe umerekebisha muda wako kwa kuzitazama negativu. Kinachoharibu kazi ni kutumia hiki leo na kile kesho. Chagua kimoja na ukibandike alama. Na ikiwa kile cha kioo kina zebaki, kiweke kando kabisa: kikivunjika jikoni kwako utakuwa umeingiza sumu mahali unapopikia.

SWALI: Assalaam alaykum. Nilisafisha filamu kwa nyuzi 20 kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaisuuza kwa maji ya bomba adhuhuri, ambayo hapa kwetu hutoka kwenye tangi la juu yakiwa na moto. Negativu sasa zina mikunjo midogo midogo juu yake yote, kama ngozi iliyokauka. Inaondoka?

*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Kwa masikitiko, haiondoki. Picha ya filamu imeshikwa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini huvimba inapolowa na huvimba zaidi kadiri maji yanavyokuwa ya moto. Ikitolewa ghafla kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, utando unatanuka haraka kuliko unavyoweza kujipanga, unajikunja, na ukikauka mikunjo inabaki. Ielekeze negativu kwenye mwanga wa ubavuni, upande usiong'aa ukiwa juu, na kama mikunjo inaonekana hata mahali pasipo na picha, basi hiyo ndiyo sababu, wala si chembechembe za kawaida za filamu. Filamu nyingi za siku hizi zimekazwa kiwandani na hustahimili mabadiliko makubwa, ndiyo maana wengi hawajawahi kuyaona haya. Lakini zipo zinazotengenezwa kwa fomula za zamani, zenye jelatini laini, na hizo hazisamehi.

Ilford hutaka maji ya kusuuzia yasiachane na joto la kusafishia kwa zaidi ya nyuzi 5. Mimi ningependa dawa zenyewe zisiachane kwa zaidi ya nyuzi 2 au 3. Kwa mtu wa Mombasa ufumbuzi ni uleule niliompa msomaji wa Kinondoni: safisha kwa nyuzi 24 au 26, na maji yako ya alfajiri yatakuwa ndani ya mpaka bila ya kupoozwa. Yajaze kwenye ndoo na uyaweke chumba kilekile unachofanyia kazi.

Wala huhitaji maji mengi, jambo ambalo ni la maana katika miji ambayo bomba hutoka kwa zamu. Baada ya fiksa isiyo na dawa ya kukazia jelatini, jaza tangi maji yenye joto linalokaribiana na la dawa, lipindue mara 5 na umwage. Jaza tena, pindua mara 10 na umwage. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20 na umwage. Njia hii ni ya Ilford wenyewe, na kwa tangi la nusu lita inakula lita moja na nusu tu. Maji kidogo hivyo unaweza kuyapima na kuyarekebisha kwa urahisi, kitu ambacho huwezi kukifanya kwa bomba linalotiririka. Na filamu iliyolowa katika joto ni laini sana, kwa hiyo usiipanguse kwa vidole wala kwa kitambaa. Itundike mahali pasipo na vumbi uiache ikauke yenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa fundi wa picha hapa Mji Mkongwe, Unguja. Katika daftari lake nimekuta ameandika kwamba msimu wa kaskazi aongeze sodiamu salfeti kwenye divelopa na atumie alamu ya kromu baada yake. Je, nami nifuate?

*Msomaji wa Unguja*

JIBU: Litunze daftari hilo kwa heshima zote, kwa sababu lina maarifa ya watu walioijua kazi yao. Mji wenu una historia ndefu ya studio. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1930. Jelatini ya filamu za wakati huo ilikuwa laini, na katika dawa ya nyuzi 30 ingeweza kuvimba hadi ikachubuka au kujivua kutoka kwenye filamu. Sodiamu salfeti, ambayo haifanyi kazi yoyote ya kusafisha, huzuia uvimbe huo, kwa kuwa jelatini hainywi maji mengi ikiwa ndani ya maji yenye chumvi nyingi. Kodak waliuza na kuchapisha fomula za namna hiyo kwa ajili ya nchi za joto, DK-15 ikiwa mojawapo. Alamu ya kromu nayo huikaza jelatini kabla haijaingia kwenye fiksa.

Kwa filamu mpya za viwanda vikubwa hulihitaji hilo. Ushahidi ulio wazi ni kwamba filamu za rangi husafishwa kwenye nyuzi 38 karibu bila tofauti, na XP2 Super ya Ilford, ambayo ni filamu ya picha nyeusi na nyeupe, hupita katika dawa hizohizo za rangi kwa joto hilohilo bila kudhurika. Nyuzi 26 au 28 za Unguja hazitazitisha. Kinachokuhusu wewe katika joto la juu ni mambo mengine: muda kuwa mfupi mno, ukungu (weusi usio wa picha) kuongezeka kidogo, na haidrokwinoni kupata nguvu zaidi ikapandisha kontrasti, na hayo yote dawa yake ni kuzimua na kupunguza muda kwa uangalifu.

Ikiwa utapata filamu ya zamani yenye jelatini laini, au ikiwa ungependa tu kuijaribu kazi ya babu kwa mikono yako, zingatia mawili. Kwanza, sodiamu salfeti hupunguza kasi ya divelopa kupenya kwenye utando, kwa hiyo muda wa kusafisha utaongezeka, na itakubidi ujaribu kipande kifupi cha filamu kabla ya kuhatarisha picha unazozipenda. Pili, usiichanganye na sodiamu salfaiti, ambayo imo ndani ya divelopa karibu zote na ni kitu tofauti kabisa. Soma lebo mara mbili. Alamu ya kromu ishike kwa glavu, na isikaribie vyombo vya chakula.

SWALI: Je, ninaweza kuhifadhi divelopa kwenye jokofu ili iwe tayari na baridi? Na kwa nini fiksa yangu ya unga inapoa ninapoichanganya?

*Msomaji wa Tanga*

JIBU: Jokofuni usiiweke. Baridi kali inaweza kufanya baadhi ya viungo vijitenge na dawa na kuganda chini ya chupa, na zaidi ya hapo, mtoto akifungua jokofu hataijua tofauti ya chupa ya dawa na chupa ya juisi. Weka maji matupu jokofuni, na divelopa iweke kabatini, mahali penye giza na pasipo na joto la jiko. ID-11 iliyokwisha kuchanganywa hudumu miezi 6 katika chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, na mwezi 1 tu chupa ikiwa nusu, kwa sababu hewa ndiyo inayoiua. Katika joto la Tanga ichukulie miezi hiyo kuwa ndiyo ya mwisho kabisa, na uigawe dawa katika chupa ndogo ndogo zilizojaa hadi shingoni. Kumbuka pia kwamba ID-11 ya unga huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 40, na D-76 kwenye nyuzi 50 hadi 55, basi ichanganye siku moja kabla ya kuitumia ili ipate muda wa kupoa yenyewe.

Fiksa ya unga kupoa ni jambo la kawaida. Sodiamu thaiosalfeti hunywa joto inapoyeyuka, na inaweza kuyapoza maji yake kiasi cha kuchelewesha unga uliobaki usiyeyuke. Anza na maji ya vuguvugu, ukoroge mpaka unga uishe, na upime joto kabla ya kuitumia.